Kiangazi kijijini, barabara ya Kasenga: kiulu cha nyuma ya nyumba ya mama, matofali na mambo mengine ya likizo hii

Njia_ya_Kasenga (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote.

Niko kijijini tangu shule zifungwe. Ni mwalimu wa shule ya msingi Lubumbashi, mji wa Katanga huku Kongo, na kila likizo kubwa, Julai na Agosti, naleta watoto kwa bibi yao huku barabara ya Kasenga. Mtandao unashika mahali pamoja tu, juu ya kiulu kilicho nyuma ya nyumba ya mama. Kwa wasio wa Katanga: kiulu ni kichuguu, lakini si kile cha kufika magotini. Hiki kinapita paa la nyumba, na juu yake imeota miti ambayo huioni porini kwingine. Hapo ndipo nimekaa naandika. Na hicho kiulu ndicho kimenifanya nianzishe uzi, kwa sababu wiki hii kimeanza kuchimbwa, na aliyeagiza kichimbwe ni mimi.

Kwanza hali ya huku. Huu ni wakati wa baridi. Asubuhi unaona pumzi yako, watoto wanatoka ndani wamejifunga blanketi hadi kichwani na kwenda moja kwa moja motoni. Mvua ilikata Aprili, haitarudi kabla ya Oktoba, na ile ya kweli ni Novemba. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye kikopo cha chumvi. Mtu wa mjini akipita na gari atasema kijiji kimelala. Hakijalala hata kidogo. Mahindi yako ghalani, mikono iko huru, basi kila kazi inayotaka mikono na jua inafanywa sasa: kujenga, kuezeka, kuozesha, kusafisha makaburi, kumaliza kesi za mashamba. Asiyesimamisha ukuta kabla ya Oktoba amengoja mwaka mzima.

Alfajiri vijana wa kinga, yaani baiskeli, wanapita kuelekea mjini na makala (makaa). Mifuko imefungwa hadi juu ya kichwa, baiskeli haipandwi, inasukumwa kilomita kwa kilomita. Jua likichomoza akina mama wanashuka dembo, bondeni penye maji, kumwagilia kabichi, vitunguu na lengalenga (mchicha). Mchana unasikia vibao vya matofali: pa, pa, pa. Jioni ni bukari (ugali), na munkoyo, kinywaji chetu cha mizizi, kama nyumba ile ina msiba au posa.

Sasa jambo lenyewe. Februari mvua iliangusha upande mmoja wa jiko la mama, na ukuta wa chumba anacholala umepasuka, mkono unapita. Ni nyumba ya miti na udongo, baba aliijenga mimi nikiwa mtoto. Tumechangishana, mimi na wadogo zangu, tumjengee vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma na mabati. Vijana wa hapa wakasema tunahitaji matofali 5,000 na udongo mzuri ni wa kiulu, huu mwingine una changarawe nyingi. Nikakubali. Nikatoa malipo ya mwanzo.

Siku ya tatu wakafungua chumba ndani ya kiulu. Nilikuwa karibu. Mchwa askari walitoka kwa wingi, vichwa vikubwa vya rangi ya kahawia, mmoja akamng'ata kijana kidoleni hadi damu. Ndani mlikuwa na vitu kama sifongo, vyepesi, vimekunjamana, vina vidoa vyeupe vidogo kama mtama. Mama akaja na beseni. Hakugombana na mtu. Akaokota kipande kimoja, akakiweka kiganjani na kunionyesha.

"Hii njo mama ya bowa. Mukimaliza, mvua ikikuya tutachuma wapi?"

Kisha akaniuliza kama nimesahau nani amelala upande wa pili. Sikusahau. Babu yangu amezikwa miguuni mwa kiulu hiki, na wengine wawili kabla yake.

Nimesimamisha kazi. Vijana wana malipo yangu, mama ana ukuta uliopasuka, na siku zinakwenda. Naomba mawazo ya wanaojua udongo, wanaojua ujenzi, na wanaojua vijiji vyetu.

---

Mtu_wa_Kipushi

Pole, mwalimu. Huku kwetu viulu vya karibu na mji vimekwisha, ukitaka udongo unaufuata mbali. Nilikuwa mtoto nikiteleza juu ya kimoja kwa kibao. Leo pana shimo, na mvua ikinyesha shimo ni bwawa la mbu. Mama amesema kweli.

---

Mnyamwezi_wa_Tabora

Salaam wakuu. Mimi niko Tanzania, huku nako ni miombo na vichuguu tunavyo. Bibi yangu alikuwa akisiriba sakafu kwa udongo wa kichuguu, ukikauka unang'aa na siafu hawapiti. Lakini kichuguu cha kupita paa la nyumba sijakiona. Mkuu, ukubwa wake hasa ni upi? Na hiyo "mama ya bowa" ni nini?

---

Njia_ya_Kasenga

Ndugu wa Tabora, nimekizunguka jana kwa hatua: hatua 58 kukimaliza. Kwa urefu, kijana akisimama chini na mwingine akasimama mabegani mwake, na wa tatu juu yake, wa tatu ndiye atakayeona kileleni. Upande wa magharibi mteremko ni mpole, mbuzi wanapanda.

Bowa ni uyoga. Ule mkubwa wa mvua za kwanza hauoti ovyo, unatoka kwenye viulu hivi. Kofia moja inaweza kufika karibu mita 1 kwa upana. Nikiwa mdogo tulitembea na uyoga mmoja vichwani kwa zamu kujikinga mvua, na ukifika nyumbani watu sita wanakula. Mvua hizohizo zikianza, kumbikumbi wanaruka kutoka kiulu kilekile, tunawasha taa na kutega beseni la maji. Kwa mama, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ambayo mahindi ya zamani yanaisha na mapya hayajafika. Hapo kiulu kinalisha.

---

Mwanafunzi_wa_Kilimo

Mwalimu, heshima yako. Nasoma kilimo hapa Lubumbashi na viulu tumevisoma darasani na porini. Mchwa wako anaitwa Macrotermes falciger. Ile sifongo aliyookota mama ni shamba. Mchwa hawezi kumeng'enya vizuri majani makavu na vijiti anavyokusanya, basi anavitafuna, anavipanga na kuoteshea kuvu juu yake, halafu anakula kilichoozeshwa na kuvu. Vidoa vyeupe ulivyoona ni kuvu mwenyewe. Mvua zikija, anasukuma shina hadi nje na sisi tunaona uyoga. Kwa hiyo mama hakusema kwa mfano tu, amesema kitu kilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo lilinigusa sana nilipolisikia. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa viulu vya msitu wa miombo wa hapa Katanga, vilivyopimwa umri kwa kaboni. Kimoja, ambacho mchwa wake walikuwa wameshahama, kilikuwa na umri wa kiasi cha miaka 2,200. Lubumbashi ilianzishwa 1910. Fikirieni ni vizazi vingapi vya mchwa vimepandisha udongo huo punje kwa punje kutoka chini, wakati hapa hakuna mji, hakuna mgodi, hakuna barabara.

Na ndiyo maana udongo wake ni mzuri kwa tofali. Mchwa anachagua punje laini, mfinyanzi, na kuacha changarawe. Ndiyo maana pia una rutuba kuliko udongo mwekundu wa pembeni, na wakulima wanausambaza mashambani.

---

Fundi_Matofali

Nimesoma yote. Nimefanya matofali tangu ujana wangu, Likasi kwanza, sasa niko upande wa Kapolowe. Niseme ninachokijua kwa mikono.

Mwalimu, vijana wako wamekwambia nusu. Udongo wa kiulu ni mzuri, lakini si wote. Ukichimba katikati na chini utakuta punje nyeupe, nyingine kama mchele, nyingine kama harage. Ni chokaa. Tofali lenye punje hizo litakauka vizuri, litaungua vizuri, litatoka jekundu, utafurahi. Ulipe, ulijenge. Kisha hewa ya mvua ikiingia, zile punje zilizoungua zinanywa maji na kuvimba, na tofali linapasuka vipande kama ganda la yai. Ilinikuta mwaka wangu wa pili kazini. Nilirudishwa kwa mteja katikati ya Desemba, ukuta wa mbele umejaa matundu, na mama mwenye nyumba ananitazama bila kusema. Nilijenga upya ule ukuta bila malipo.

Pima hivi: chukua bonge la udongo, lidondoshee siki. Likitoa povu, usilichome.

Udongo wa kutafuta ni ule ulioporomoka. Kila mwaka mvua inakosha kiulu na udongo unashuka, unajikusanya miguuni kama sketi. Umeshalowa na kukauka mara nyingi na hauna mchwa ndani. Huo unatosha kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, na kiulu kinabaki kimesimama. Ila mahali penye makaburi, sogea mbali.

La pili ni kuni. Matofali 5,000 ya kuchoma yanakula kuni nyingi, tena magogo, si matawi. Tanuri linawashwa siku mbili tatu usiku na mchana, halilali. Magogo hayo ni mutondo na musamba, miti ambayo binkubala, wale viwavi tunaowala, wanakula majani yake. Mimi sasa namshauri mteja hivi: msingi wa mawe, mistari ya chini ya matofali ya kuchoma hadi juu ya goti, kisha tofali bichi lililokauka vizuri, paa litokeze sana nje, na ukuta upakwe. Maji ndiyo adui wa tofali bichi. Yakizuiwa juu na chini, nyumba inakaa. Iko nyumba ya namna hiyo niliyoijenga, na wajukuu wanazaliwa humo.

Tofali bichi nalo lina adabu yake. Udongo uchimbwe leo, umwagiwe maji, ufunikwe na kulala usiku, ukanyagwe asubuhi. Ukitolewa kwenye kibao, ulifunike kwa nyasi siku za kwanza. Jua la Agosti na upepo wake vitalipasua upande mmoja ukiliacha wazi. Likishika, ligeuze lisimame. Wengi wanakimbilia kupanga kabla ndani hakujakauka.

---

Mama_wa_Dembo

Nawaheshimu wote, lakini nitasema kama mwanamke anayeishi kijijini, si wa likizo.

Mnaongea uyoga na miaka 2,200. Mwalimu ameandika kwamba mkono unapita kwenye ukuta wa chumba anacholala mama yake. Baridi ya usiku inaingia hapo. Mama huyo ana umri gani? Anaamka saa ngapi kuchota maji? Kiangazi hiki chemchemi ya kwetu imepungua, ndoo moja unangoja hadi maji yajikusanye, ukichota haraka unachota matope. Nyumba haitaki maneno, inataka mtu aijenge. Mimi mwenyewe nyumba yangu ni ya udongo wa kiulu na sijutii, watoto wangu watano hawajalala tena chini ya plastiki.

Neno langu kwako, mwanangu: usiiache kazi hii ipite Septemba ukitafuta njia iliyo safi kuliko zote. Ukikosea udongo, mama atakusamehe. Mvua haitakusamehe.

---

Njia_ya_Kasenga

Mama, asante. Nimesoma maneno yako mara mbili kabla ya kujibu. Ana miaka 71 na anaamka kabla yetu sote. Tangu Jumatatu nimemhamishia chumba cha watoto, sisi tunalala kwenye ule uliopasuka, nimeziba kwa magunia.

Fundi, nimefanya jaribio la siki. Bonge la juu na la miguuni hayakutoa kitu. Bonge la ndani, kutoka pale vijana walipofungua, lilitoa povu hadi watoto wakapiga kelele. Nilikuwa karibu kuchoma matofali ambayo yangempasukia mama katikati ya mvua. Siwezi kukueleza nilivyojisikia.

---

Mvuvi_wa_Luapula

Mimi niko Kasenga, nafuata uzi huu kwa hamu. Kwa kuwa kichwa kinasema mambo ya likizo, niongeze ya kwetu. Mwisho wa Julai wengi wanavuka mto Luapula kwenda upande wa Zambia, Mwansabombwe, kumwona Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa huko, akicheza Umutomboko, ngoma ya ushindi. Mto haututenganishi, ndugu zetu wako pande zote mbili. Ng'ambo utamkuta shangazi yako amekwisha kupika.

Mwalimu, swali moja: moto huko kwenu vipi? Huku wameanza kuchoma majani ovyo.

---

Njia_ya_Kasenga

Mvuvi, umegusa kidonda. Alhamisi iliyopita moto ulitoka upande wa mashamba ya zamani. Mtu alichoma kutafuta panya, upepo ukageuka. Jirani yetu alikuwa amekata nyasi za kuezekea wiki mbili nzima, mafungu yamesimamishwa mstari mmoja kando ya njia. Yaliungua yote kabla hatujafika na matawi ya kuzimia. Nyasi ndefu nzuri hazipatikani tena mwaka huu, yaliyobaki ni mafupi. Sasa anazunguka kijijini kuomba fungu moja moja, na watu wanampa.

Wazee wa hapa walikuwa na utaratibu. Kuchoma kulifanyika mapema, Mei kuingia Juni, majani yakiwa bado na maji kidogo. Moto wa wakati huo unatembea chini, unachoma nyasi na kuacha miti. Unapochomwa Agosti na Septemba kila kitu ni baruti, na hapo ndipo miti ya miombo inaanza kutoa majani machanga mekundu kabla hata mvua haijaja. Moto huo unapanda, unaua miche na hayo majani mapya. Kisha watu wanashangaa binkubala wamepungua. Jambo hili linaniuma kuliko hata la kiulu, kwa sababu kiulu nimekigusa mimi na nimeweza kusimamisha. Moto hauna mwenyewe, kila mtu anasema haukuanzia kwake.

---

Mwanafunzi_wa_Kilimo

Ni kweli kabisa mwalimu, hata darasani tunafundishwa hivyo, moto wa mapema na moto wa kuchelewa ni vitu viwili tofauti. Je, mwami wa kijiji hawezi kuweka tarehe?

---

Njia_ya_Kasenga

Anaweza, na amesema atalitaja siku ya wazazi, 1 Agosti, watu wakiwa pamoja. Nitaleta habari.

---

Binti_wa_Kasumbalesa

Nimechelewa kuingia. Mkifika hatua ya kupaka ukuta, msikimbilie rangi ya dukani. Kule Makwacha, kijiji cha watu wa kabila la Balamba, akina mama wanachora kuta za nyumba zao kila kiangazi kwa udongo wa rangi wanaouchimba wenyewe. Mvua inafuta, kiangazi kingine wanachora upya. Nimefika, nilisimama mbele ya ukuta mmoja hadi mwenyewe akaniletea kiti. Mwalimu, muulize mama, huenda naye anajua.

---

Njia_ya_Kasenga

Samahani kwa kimya, ni wiki mbili. Niwape yaliyotokea.

Tarehe 1 Agosti, asubuhi na mapema, tulifanya kama kila mwaka: majembe, panga, mafagio, kila ukoo kwenye makaburi yake. Sisi tulikuwa miguuni mwa kiulu. Baba mukubwa, aliyebaki peke yake katika ndugu za baba, alikaa kwenye jiwe akitazama pale vijana walipochimba. Hakuniuliza mbele ya watu. Tulipomaliza kulima majani na kumwaga maji, akaniita kando.

"Ile kiulu haiko ya mama yako, haiko yako. Njo ya bale balilala hapa. Omba kwanza, kisha utachukua."

Nikawaomba hao waliolala hapo. Nilidhani ningesema maneno mengi, yalitoka machache. Mchana tulikula pamoja na wazee, kuku wawili na samaki kavu wa Kasenga (Mvuvi, ni wa kwenu). Mwami akasema kuanzia mwakani kuchoma ni kabla ya katikati ya Juni, na kwa ruhusa yake. Baadhi walinung'unika, hasa wawindaji wa panya. Sijui kama litashikwa, lakini limesemwa hadharani.

Kuhusu matofali: vijana nimewaita, tumeongea. Malipo yao hayakupotea, wamekubali kuhama. Wanachimba udongo ulioporomoka upande wa magharibi, ule wa mteremko mpole, mbali na makaburi. Kila mita wanapima kwa siki, sasa wamelipenda jaribio hilo kuliko mimi. Tunachoma 1,500 tu kwa mistari ya chini, kwa kuni za miti iliyokufa na ile iliyoanguka wakati wa moto. Mengine ni mabichi. Hadi leo yamepangwa 2,300 chini ya nyasi. Mama wa Dembo, msingi wa mawe umeisha jana. Septemba ikifika, kuta zitakuwa zimesimama.

Binti wa Kasumbalesa, nilimuuliza mama. Akacheka sana, sijamwona akicheka hivyo tangu baba aondoke. Kumbe ukuta wa jiko lililoanguka ulikuwa na michoro ya mama yake, iliyofunikwa na moshi wa miaka. Ameshatuma wajukuu dembo kuchimba mpemba, ule udongo mweupe, na mwekundu amesema anajua ulipo, haendi mtu asiyekuwa naye.

Jambo la mwisho, maana betri inaisha na jua linazama. Lile shimo la ndani ya kiulu tuliliacha wazi, tulidhani mchwa watakufa au watahama. Asubuhi iliyofuata lilikuwa limezibwa karibu nusu. Siku ya tatu halikuwapo. Mwanangu wa mwisho alipanda akaweka kiganja mahali pale, akaniita kwa nguvu nije nishike. Udongo ulikuwa mbichi, una unyevu, unaacha alama ya kidole. Na hapa hakujanyesha tangu Aprili.